Kumkaribisha Mgeni Pasipo Kujikalifisha

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetulisha na kutunywesha bila ya sisi kustahiki, akatupa nyumba za kujisitiri na jamaa wa kukaa nao. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye mwenye njaa alipofika kwake hakurudishwa bila ya kutafutiwa la kula, na ziwashukie Aali zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Yeye katika siri na dhahiri, na katika yale tuyaonayo makubwa na yale tuyaonayo madogo.

Miongoni mwa hayo tuyaonayo madogo ni kumwita ndugu yako nyumbani kwako ukala naye. Ijumaa ya leo nataka tulizungumze jambo hili, kwani naona limeanza kututoka mikononi nasi hatuna habari.

Ndugu zangu, sikilizeni namna tunavyoagana njiani. Watu wawili hukutana baada ya Sala, wakapeana mikono, wakaulizana hali za watoto, kisha mmoja akasema, "Karibu nyumbani, bwana." Mwenziwe hujibu, "Ahsante, inshaallah nitakuja." Na wote wawili wajua kwamba hapo hapakusemwa neno. Aliyekaribisha hakutaja siku, na aliyekaribishwa hakuuliza. Mwaka hupita, na pengine wa pili, na hao ni watu wa mtaa mmoja na msikiti mmoja, labda hata walisoma chuo kimoja kwa mwalimu mmoja. Siku ambayo mmoja wao ataingia ndani ya nyumba ya mwenziwe kwa mara ya kwanza, huwa ni siku ya maziko.

Ukimwuliza mtu huyu kwa nini hamwiti mwenziwe, hatakuambia kwamba hampendi. Atakuambia, "Sheikh, hali si nzuri. Ngoja nipate kidogo." Ataka kwanza anunue viti. Ataka apake nyumba chokaa. Ataka siku hiyo pawe na pilau ya nyama, na kuku wa kupaka, na sambusa, na kachumbari, na matunda, na soda za baridi, kwani alipokwenda kwa fulani ndivyo alivyokuta. Na kwa kuwa vitu hivyo havikutani vyote pamoja ila siku ya Idi au ya harusi, mlango hubaki umefungwa. Nyuma ya mlango huo hamna uchoyo. Mna kuogopa aibu.

Wanazuoni wana jina la ugonjwa huu. Wauita takalluf, nasi kwa Kiswahili twasema kujikalifisha, yaani mtu kujitwisha asichokiweza ili aonekane kuwa anacho. Katika Sahihi ya Bukhari, Anas bin Malik (R.A.) anasimulia kwamba walikuwa kwa Sayyidna Umar, naye akawaambia kuwa wao wamekatazwa kujikalifisha. Ni tamko fupi mno, na wanazuoni wamelitumia katika mambo mengi: katika kuuliza maswali yasiyo na haja, katika kusema maneno ya mapambo, na katika kulisha wageni.

Hapa huenda akasimama mwenye elimu akaniambia, "Je, Nabii Ibrahim? Hakuwachinjia wageni wake ndama mzima?" Naam, aliwachinjia. Habari yake imo katika Sura ya Hud, aya ya 69, na katika Sura ya Adh-Dhariyat, kuanzia aya ya 24. Lakini tuitazame vizuri, maana kisa hiki twakisoma kwa haraka, tukafika kwenye nyama tukasita hapo hapo. Wageni wale hakuwajua, na kumbe walikuwa Malaika. Hakuwauliza kama wana njaa. Alitoka kwa siri kuwaendea watu wa nyumbani mwake, wala hakuwatangazia wageni kwamba sasa atawachinjia. Hakuchelewa. Alipoleta chakula alikisogeza pale pale walipoketi, kisha akawakaribisha kwa upole, kwa namna ya kuwauliza kama hawatakula. Adabu zote hizo zimo katika aya chache. Na ama huyo ndama, Qatada, ambaye ni katika wafasiri wa tabaka la Matabiina, amesema kuwa sehemu kubwa ya mali ya Nabii Ibrahim ilikuwa ng'ombe. Basi alitoa katika kile kilichokuwamo zizini mwake. Mwenye zizi la ng'ombe akichinja ndama, amekirimu kwa alichonacho. Mwenye kuku watatu akikopa ndama, huyo amejikalifisha. Na mwenye ng'ombe akamwekea mgeni kipande cha muhogo kwa ubahili, huyo naye asidai kuwa amejiepusha na takalluf, bali amejificha nyuma ya neno hilo.

Kuogopa aibu si jambo geni. Katika Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Waislamu walipokuwa wakichimba handaki la kuulinda mji wa Madina, Jabir bin Abdillahi (R.A.) aliona alama za njaa kali kwa Bwana Mtume (S.A.W.). Akarudi kwa mkewe akamwuliza kuna nini nyumbani. Palikuwa na shayiri kiasi cha saa moja, kipimo cha Waarabu kinachokaribia pishi yetu, na kibuzi kimoja cha kufugwa. Jabir akachinja, mkewe akasaga. Jabir alipogeuka kwenda kumwita Mtume, mkewe akamwusia asije akamfedhehesha mbele ya Mtume na walio pamoja naye. Basi Jabir akamnong'oneza Bwana Mtume kuwa pana chakula kidogo, aje yeye na watu wachache. Mtume akanadi kwa sauti, akawaita watu wote wa handaki kuwa Jabir amewapikia!

Mtazameni mwanamke yule, chungu kiko mekoni, naye aona mume anarudi na umma nyuma yake. Alimlaumu mumewe, na Jabir akamjibu kuwa alifanya kama alivyoagizwa. Kisha Bwana Mtume akauombea baraka unga uliokandwa na chungu kilichokuwa mekoni. Jabir anaapa kwamba walikuwa watu elfu, wakala mpaka wakakiacha, na chungu kikawa bado chachemka kama kilivyokuwa. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari.

Sisi hatuna muujiza wa kuujaza unga. Lakini naona jambo moja kubwa katika kisa hiki, nalo ni kwamba yule bibi aliogopa kama tunavyoogopa, wala haikutajwa kuwa Mtume alimkemea kwa hofu yake. Ila hofu ile haikumzuia kusaga. Alisaga ile pishi moja aliyokuwa nayo. Laiti angalisema, "Mume wangu, na tungoje tupate mbuzi wa pili," Bwana Mtume angalilala na njaa yake, nao wangalikosa sharafu ambayo twaisimulia hadi leo. Na katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Bwana Mtume ametujulisha kuwa chakula cha watu wawili chawatosha watatu, na cha watatu chawatosha wanne. Hilo ni letu sote.

Ndugu zangu, haya ninayoyasema sikuyapata vitabuni peke yake. Nilipokuwa kijana, ndiyo kwanza nimetoka kwenye masomo na nimeanza kusomesha, nilipata habari kuwa mwalimu wangu aliyenifundisha Qurani atapita mjini kwetu. Nikamwalika chakula cha mchana, na nafsi ikaniambia kwamba mwalimu hana budi aone kuwa mwanafunzi wake amekuwa mtu. Nikaenda dukani, nikachukua kwa deni mchele, na samli, na nyama ya mbuzi, na vikombe vipya. Mke wangu aliinuka kabla ya Alfajiri, na hadi Adhuhuri alikuwa bado yumo jikoni, macho yamemwiva kwa moshi. Mtoto wetu wa miaka minne alikatazwa asiguse kitu na asitoke.

Mwalimu akafika, akanawa, akaketi mkekani. Alikula matonge machache. Alikuwa mzee wa tumbo dhaifu, samli haimwafiki. Mimi, niliyekaa miguuni pake miaka yote ile, sikulikumbuka hilo. Kila alipopunguza mkono nilimsukumia nyama: "Ongeza, Maalim. Ongeza, Maalim." Mara nikaona kuwa hanitazami mimi. Atazama chini ya pazia. Pale palikuwa na nyayo mbili ndogo.

Akamwita mtoto, akamketisha ubavuni pake, akamlisha kwa mkono wake. Kisha akaniuliza, "Na mama yake, amekula?" Nikamjibu kuwa atakula baadaye, akimaliza kazi. Mwalimu hakusema kitu. Alitaka sahani, akaigawa nyama mwenyewe, akachagua vipande vizuri, akaniambia, "Mpelekee." Nilipompelekea, mke wangu alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, amelala na upawa mkononi.

Deni lile nililimaliza baada ya miezi mitatu. Siku ya kuagana mwalimu aliniambia kuwa safari nyingine atakuja siku ambayo sikuarifiwa. Na kweli alikuja. Alibisha hodi baada ya Magharibi, mwaka uliofuata, akatukuta na muhogo wa kuchemsha na papa na pilipili ya ndimu. Niliona haya, nikataka kutoka mbio kwenda dukani, naye akanishika kanzu. Akala muhogo ule mpaka akaupangusa mchuzi kwa kidole. Tukaketi tukizungumza hadi Isha, mke wangu akisikiliza na kucheka upande wa pili wa pazia, mtoto kalala mapajani mwa mwalimu. Mwalimu amekwisha tangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ile pilau siikumbuki ladha yake, na muhogo ule ninaukumbuka.

Lile swali lake, kwamba mama yake mtoto amekula au la, lina asili katika mwendo wa Mtume. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas kuwa Bwana Mtume alikuwa na jirani Muajemi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja akapika akaja kumwita. Bwana Mtume akamwonyesha Bibi Aisha, akamwuliza kama naye amealikwa. Akasema la. Bwana Mtume naye akasema la, hatakwenda. Akarudi mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu yule jirani akasema ndiyo, na hapo wakaondoka wote wawili wakifuatana hadi nyumbani kwake. Huo ni mchuzi wa jirani, na mwalikwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, naye hakukubali kula na mkewe amebaki.

Basi nyinyi wanaume, nisikilizeni, nami najisemea mwenyewe. Twapenda sifa ya ukarimu, na mzigo wake twautupa juu ya mgongo wa mtu mwingine. Mume hukutana na watu barazani, akasema, "Njooni nyote Jumapili," kisha huenda nyumbani akatoa habari kama atoaye amri. Muulize kwanza mkeo. Pengine amechoka, pengine mtoto hakulala, pengine unga umekwisha na hukujua. Bibi Aisha alipoulizwa Bwana Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani mwake, mpaka ukifika wakati wa Sala akatoka, amepokea Bukhari. Mume anayekuna nazi siku ya mgeni, akachota maji na akatandika mkeka, hakupungukiwa na kitu katika uume wake. Na pikeni kitu kimoja mnachokijua, kiive kabla mgeni hajafika, ili akifika awakute mmeketi. Mgeni asiyemwona mwenyeji wake ila mgongo ukienda na kurudi jikoni, hakutembelea mtu, ametembelea sinia.

Wako watakaonikumbusha kisa cha Abu Talha, aliyempokea mgeni wa Mtume na nyumbani hakuna ila chakula cha watoto. Mkewe akawalaza watoto, akajidai aitengeneza taa akaizima, wakakaa gizani wakijifanya wanakula, kumbe ni mgeni peke yake aliyekula. Asubuhi Bwana Mtume akawapa habari kuwa Mwenyezi Mungu ameridhia kitendo chao, na ikateremka aya ya 9 ya Sura ya Al-Hashr. Imam Nawawi ameeleza kuwa watoto wale hawakuwa katika njaa ya kuwadhuru, ama ingaliwajibika kuwatanguliza wao. Na tena, walitoa kilichokuwamo. Hawakumwendea mtu kumkopa. Ila kinachonishangaza mimi zaidi ni ile taa. Wao waliizima ili mgeni asione upungufu wao akaona haya kula. Sisi twawasha taa zote ili aone wingi wetu. Na siku hizi imezuka ada ya kulipiga picha sinia kwa simu kabla mkono haujaingia, kisha picha hiyo ikatumwa kwa watu mia ambao hawakualikwa, na mmoja wao huenda usiku huo amekunywa chai kavu akalala.

Mgeni naye ana wajibu wake, tusimtwike mwenyeji peke yake. Al-Hakim amepokea kisa cha Salman al-Farsi (R.A.), kilichosimuliwa na Shaqiq, ambaye alimtembelea pamoja na rafiki yake. Salman akawaletea mkate na chumvi, akawaambia kuwa lau Mtume hangalikataza kujikalifisha, angalijikalifisha kwa ajili yao. Yule rafiki akasema ingalikuwa vizuri kama chumvi hiyo ingalikuwa na zaatari, yaani kiungo cha majani. Salman akatoa chombo chake cha kutawadhia, akakiweka rehani, zaatari ikaja. Walipokwisha kula, yule mtu akamshukuru Mungu aliyewakinaisha kwa alichowaruzuku. Salman akamwambia kuwa lau angalikinai, chombo chake kisingalikuwa rehani. Mimi hucheka kila nisomapo kisa hiki, kisha hujiuliza ni rehani ngapi nimezisababisha kwa neno moja nililolisema mezani kwa watu. Bwana Mtume hakukitia ila chakula kamwe. Akikitamani hukila, na asipokitaka hukiacha. Alipowataka watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hakuna ila siki, aliitaka hiyo hiyo, akaila na akaisifu.

Na ukisha kula, ujue pa kuondoka. Aya ya 53 ya Sura ya Al-Ahzab iliteremka katika karamu ya Bibi Zaynab bint Jahsh, pale watu walipokwisha kula wakabaki wakizungumza, na Bwana Mtume aona haya kuwainua. Ikiwa yeye lilimtaabisha, itakuwaje mwenyeji wako anayepiga miayo, naye kesho ana kazi alfajiri? Na haki ya mgeni wa safari ni siku tatu. Baada ya hapo ni sadaka, wala si halali kwake kukaa mpaka akamtia mwenyeji dhikini. Wazee wetu waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walimpunguzia siku moja, Mungu awasamehe, lakini maana waliifahamu.

Limebaki la nani aalikwe. Twawaita wale ambao nao watatuita, tukawaruka wengine. Bwana Mtume amekihesabu kuwa ni chakula kibaya kabisa kile cha karamu ya harusi wanachoalikwa matajiri na wakaachwa maskini. Mtaani kwako yuko mjane, yuko mzee ambaye watoto wake wamehama, yuko kijana mgeni aliyekuja kutafuta kazi, ambaye tangu aje hajala chakula kilichopikwa ndani ya nyumba. Watu hawa hawatazami viti vyako. Nanyi wanafunzi mliopanga chumba kimoja watu watatu, msiseme kuwa jambo hili si lenu. Birika la chai na mkate wa kugawana, mkamwita yule mwenzenu anayekula peke yake kila usiku, hiyo ni dhifa kamili.

Basi leo mkitoka msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, yule mtakayempa mkono wa kwanza msimwambie karibu nyumbani mkaishia hapo. Mtajieni siku. Mwambieni aje Jumatano baada ya Isha, aje na ahali yake, mke wake aketi na wa kwenu ndani na nyinyi barazani, na watoto pamoja nanyi sinia moja, mle mlichopika siku hiyo. Ikiwa ni mbaazi na mkate, mwambieni mapema kuwa ni mbaazi na mkate. Nadhani mtaona uso wake ukikunjuka, kwa kuwa naye ana mbaazi kwake, na amekuwa akiogopa kukuiteni.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yangu na yenu na ya Waislamu wote. Mwombeni maghufira.